Lugha yako inahitaji dibaga: uvae nguo za C, uingie ndani ya GDB, au ujenge ya kwako?

Mtu aliyetunga lugha yake ya programu hujisifu mpaka siku mwenzake aanze kuitumia. Kwangu siku hiyo ilifika Nyegezi, Mwanza, mezani kwa mama lishe, kompyuta ikiwa katikati ya sahani mbili za ugali na sato. Kijana anayetuandikia kanuni za mizani ya mwalo, pale samaki wanaposhushwa na kupimwa, akaniuliza: "Kaka, hii programu nitaisimamishaje katikati nione bei imeharibikia wapi?" Nikamwambia aweke amri ya kuchapisha kila baada ya mstari. "Mistari yote, kaka?" Nikaendelea kula kimya.

Lugha yenyewe ni ndogo. Ina maneno kama ikiwa, rudia na kata. Inakokotoa bei ya sangara kwa daraja la uzito, inaondoa barafu, mafuta na mkopo wa nyavu, kisha inamwachia mvuvi chake. Kwenye mizani inageuzwa kuwa lugha ya C na kukompailiwa, yaani kompaila inaigeuza kuwa maagizo ya mashine. Kwenye kompyuta za waandishi wa kanuni inaendeshwa na intapreta, programu inayoisoma na kuitekeleza moja kwa moja, ili mtu ajaribu kanuni yake bila kusubiri. Kwa sababu hiyo nimepita njia mbili kati ya tatu nitakazozilinganisha hapa, na iliyobaki niliijaribu kwa wiki kadhaa kabla sijainua mikono.

Dibaga ni zana ya kuisimamisha programu na kuchungulia ndani yake ili kutafuta kosa. Ninayoizungumzia ni ile inayokuonyesha msimbo kama ulivyouandika, mstari kwa mstari, badala ya maagizo ya mashine. Mahali pa kuisimamisha programu kijiweni kwetu tunapaita kituo, kama cha daladala, na nitapaita hivyo mpaka mwisho.

Njia tatu ni hizi. Ya kwanza, unaiacha GDB au LLDB, dibaga mbili zilizopo tayari, iamini kwamba programu yako ni ya C, halafu unaipamba kwa skripti. Ya pili, unaingia ndani ya dibaga yenyewe na kuifundisha lugha yako. Ya tatu, unaandika dibaga yako na kuiunganisha na edita za watu, yaani programu wanazoandikia msimbo, kwa DAP (Debug Adapter Protocol), itifaki ya mazungumzo kati ya edita na dibaga.

Vipimo kwanza

Cha kwanza ni mstari: ukiweka kituo kwenye mstari wa 14, programu isimame wa 14, na ukisema "songa mbele" isirukeruke. Cha pili ni sura ya thamani. Sisi fedha tunaihifadhi kwa senti na uzito kwa gramu, zote namba kamili. Shilingi 12,500 ndani ya kumbukumbu ni 1250000. Mwandishi wa kanuni anataka kuona 12,500. Cha tatu ni usemi: je, mtumiaji anaweza kuandika hesabu kwa lugha yake mwenyewe wakati programu imesimama, akapata jibu? Cha nne ni kazi, na hapa tenganisha kazi ya kuanza na kazi ya kutunza, maana ya pili ndiyo huua miradi. Cha tano ni mahali programu inapoishi. Programu iliyo kwenye kompyuta yako pale mezani ina shida zake, na ile iliyo kwenye kisanduku kidogo Nansio, ng'ambo ya maji, mtandao ukija na kuondoka, ina zake.

Nyuma ya vipimo vyote vitano kuna jambo moja linaloamua mengi: nani tayari anaijua lugha yako? Dibaga inazaliwa haijui kitu. Inasoma maelezo ambayo kompaila imeyaacha ndani ya faili la programu, na kwenye Linux maelezo hayo huandikwa kwa muundo uitwao DWARF, ambao toleo lake la 5 lilitoka mwaka 2017. Humo mna jedwali linalosema anwani fulani ya maagizo imetokana na faili fulani, mstari fulani; mna majina ya vigeu, aina zake, na mahali kila kigeu kilipo, kwenye staki (kumbukumbu ya kazi zilizoitwa na bado hazijamalizika) au kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa). DWARF inaweza kusema kigeu fulani ni namba kamili ya baiti nane. Kwamba namba hiyo ni senti na ionyeshwe kama shilingi, hilo lazima mtu fulani alijue. Njia tatu hizi zinatofautiana hasa kwa mahali zinapouweka ujuzi huo.

Kuvaa nguo za C

Kama kompaila yako inatoa C, kuanza ni rahisi hadi inatia aibu. Kabla ya kila sentensi unayoitoa, unaweka amri ya #line yenye namba ya mstari na jina la faili la asili. Kompaila ya C inaziamini, inaziandika kwenye jedwali la DWARF, na GDB inamfungulia mtumiaji faili lake badala ya C iliyozalishwa. Lugha za Nim na Vala zinatumia mbinu hii hii, kwa hiyo hujifichi kwenye kichochoro.

Mtego upo kwenye mistari uliyoisahau. Baada ya #line, kompaila inaendelea kuhesabu yenyewe, mstari mmoja mmoja. Ukitoa kipande kirefu cha C bila kurudia amri, hesabu inatembea nacho. Siku moja GDB iliniambia tumesimama mstari wa 212 wa faili lenye mistari 61. Nilitafuta kosa ndani ya GDB jioni nzima. Kosa lilikuwa langu: kipande cha kukata mkopo wa nyavu hakikuwa na amri hata moja. Tangu hapo kila kipande cha ziada tunakibandika namba ya sentensi iliyokizaa, hata kama vipande kumi vinabeba namba moja.

Kama unatumia LLVM, mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila, hupiti C. Unaijaza DWARF kupitia zana yake iitwayo DIBuilder, na sura ya 9 ya Kaleidoscope, mafunzo ya LLVM, inakuonyesha namna. Hapo utaulizwa msimbo wa lugha, yaani namba inayoitambulisha. Unaweza kujitangaza kuwa C, au kuchukua namba kati ya 0x8000 na 0xffff, ambazo zimeachwa kwa watumiaji. GDB ikikutana na lugha isiyoijua inajihamishia kwenye hali iitwayo minimal, inayofanya kazi karibu sawa na C. Kwa lugha ndogo, kujitangaza kuwa C kunakupa usumbufu mdogo zaidi.

Sura ya thamani unaitengeneza kwa Python, ambayo GDB inayo tangu toleo la 7.0 la mwaka 2009. LLDB nayo ina Python yake. Skripti yetu inatazama jina la aina, ikikuta shilingi inagawa kwa mia na kuweka mkato. Ni kama mistari arobaini. Ukiiweka jirani na programu kwa jina linaloishia na -gdb.py, GDB inaipakia yenyewe, ila kwenye kompyuta nyingi itakataa kwanza kwa sababu folda yako haimo kwenye orodha ya njia salama. Waambie watumiaji mapema jinsi ya kuiongeza, la sivyo utapigiwa simu na kila mmoja kwa zamu.

Njia hii inachechemea kwenye usemi. Mtumiaji anaandika C, apende asipende. Lugha yetu inaruhusu kistari ndani ya jina, kama bei-ya-kilo. Kwenye C linageuka bei_ya_kilo. Kijana aliandika jina kama analolijua, GDB ikaelewa ametaka kutoa ya na kilo kutoka kwenye bei, ikalalamika kwamba haina kitu kiitwacho bei. Akaniambia dibaga imelewa. Halafu kuna hili la chini kwa chini: ukiomba kuona kigeu kimoja cha shilingi unapata 12,500, lakini ukijumlisha viwili C inasahau jina la aina na kukurudishia namba tupu ya senti. Mtu anayehesabu hela za watu akiona namba mbili kwa sura mbili tofauti haziamini tena zote.

Kwa upande wa mahali, hapa hakuna njia inayoifikia. GDB ipo karibu kila Linux. Unaingia kwa SSH, unaifungua palepale kwenye kisanduku, na hakuna kinachosafiri zaidi ya herufi unazoandika. Kama kisanduku ni kidogo mno kubeba GDB na maelezo yote, gdbserver inakaa kule na maelezo yanabaki kwako, ingawa mazungumzo yake ni ya kwenda na kurudi mara nyingi, na mtandao unaokatika utakuchosha. La thamani kuliko yote ni faili la kore, yaani picha ya kumbukumbu ya programu ilivyokuwa ilipoanguka. Mizani moja ya Nansio iliwahi kuanguka usiku wa giza, wakati ambao dagaa wanavuliwa na mwalo haulali. Faili la kore likabanwa, likaja kwa simu asubuhi, nikalifungua Nyegezi na kuona staki yote bila kupanda meli. Sharti ni moja: utunze nakala ya programu ileile iliyoanguka, maana ukikompaili upya anwani hazitalingana.

Inamfaa nani? Lugha changa inayozaa msimbo wa mashine, yenye mtunzi mmoja au wawili, na watumiaji ambao hawaogopi kuona C kidogo.

Kuingia ndani ya dibaga

GDB ilianza mwaka 1986 kwa mkono wa Richard Stallman, na leo ndani yake kuna C, C++, Ada, Fortran, Pascal, Modula-2, D, Go, Rust na nyinginezo. Kila moja ina faili zake. Msimbo wenyewe sasa ni C++, na kila lugha ni tabaka linalorithi language_defn: hapo unaeleza jinsi ya kuchanganua usemi, jinsi ya kuchapisha thamani na aina, aina zipi za msingi zipo, na majina yatafutwe wapi. Kichanganuzi, yaani sehemu inayosoma maandishi na kuyaelewa, unaweza kukiandika kwa Bison, zana inayozalisha vichanganuzi, kama c-exp.y au p-exp.y ya Pascal, au kwa mkono kama rust-parse.c. Mwisho unaifundisha sehemu inayosoma DWARF kwamba msimbo fulani wa lugha ndiyo lugha yako.

Ukifika hapo, kipimo cha usemi kinatimia kwa heshima. bei-ya-kilo inabaki bei-ya-kilo, shilingi ikijumlishwa na shilingi inabaki shilingi, na mtumiaji hasikii harufu ya C. Mstari na mahali unavipata vilevile kama njia ya kwanza, maana DWARF ni ileile na faili la kore ni lilelile.

Gharama sasa. Unaandika kichanganuzi cha lugha yako kwa mara ya pili, kwa C++, kikiwa mbali na kile cha kompaila. Kila ukiongeza neno kwenye lugha una nyumba mbili za kukarabati. Kama unataka kazi yako iingie kwenye GDB rasmi, unapeleka mabadiliko kwa barua pepe yapitiwe, unaandika majaribio kwa DejaGnu inayotumia Tcl, na unakamilisha karatasi za kuikabidhi hakimiliki Free Software Foundation. Hakuna ubaya wowote hapo. Ni utaratibu wa nyumba ya watu. Lakini usipopeleka, utabeba GDB yako mwenyewe mgongoni, na kila toleo jipya likitoka unahamisha mabadiliko yako upya. Mimi nilifikia kuchapisha thamani na kuchanganua nusu ya semi zetu, kisha nikatazama ni watu wangapi wangenufaika. Walikuwa sita.

LLDB inagawanya kazi hiyo kwa programu-jalizi: moja ya lugha, moja ya mfumo wa aina. Semi zake huchanganuliwa na Clang, kompaila kamili, ndiyo maana C++ inaielewa vizuri. Watu wa Swift walifuata mantiki hiyo mpaka mwisho, wakaiweka kompaila ya Swift ndani ya LLDB yao. Ujuzi haukuandikwa mara mbili, ila sasa dibaga na kompaila lazima zitoke ghala moja, matoleo yakipishana mnaanza kutoelewana.

Kabla hujaamua, tazama lugha mbili zilizopita mlango huu wa GDB. Rust iliingia kwenye toleo la 7.12, mwaka 2016, ikakaa vizuri; hata hivyo wenyewe bado wanasambaza rust-gdb, skripti inayopakia mapambo ya Python juu yake. Go iliingia kwenye 7.5, mwaka 2012, na leo nyaraka za Go zenyewe zinakushauri utumie Delve, dibaga iliyoandikwa kwa ajili ya Go peke yake, kwa sababu GDB haizielewi vizuri programu za Go: usimamizi wa staki, wa nyuzi (kazi zinazokwenda sambamba) na wa runtime yake (sehemu inayoiendesha programu) umetofautiana mno na ule ambao GDB inautarajia. Sintaksia ya Go siyo iliyoleta shida. Kwa hiyo jiulize lugha yako inatofautiana na C kwenye maandishi au kwenye mwenendo. Maandishi GDB itafundishika. Mwenendo ni habari nyingine.

Njia hii inafaa lugha yenye watumiaji wengi, inayozaa msimbo wa mashine, yenye sintaksia isiyofanana na C, na mtu atakayebaki nayo miaka.

Dibaga yako, kwa DAP

Kama lugha yako inaendeshwa na intapreta, GDB itakuonyesha intapreta. Utaona C ya mzunguko mkuu ikizunguka, na kanuni ya bei ya sangara imefichwa ndani ya kigeu fulani. Yule anayeijua lugha, yaani intapreta, yupo hai palepale na ana majibu yote. Muulize yeye.

DAP ilitoka Microsoft kwa ajili ya edita yake, VS Code. Ni ujumbe wa JSON wenye kichwa cha Content-Length, kati ya edita na programu yako. Edita inatuma initialize, wewe unajibu na kutangaza initialized, inakuletea orodha ya vituo, inamaliza kwa configurationDone, safari inaanza. Ukifika kituoni unatuma stopped. Edita nayo inauliza nyuzi, staki, mawanda (makundi ya vigeu vinavyoonekana hapo), kisha vigeu. Vim, Neovim na Emacs zina nyongeza zinazoongea lugha hiyohiyo, kwa hiyo kazi moja inakufikisha kwa wengi.

Kwenye mstari, unakagua kabla ya kila sentensi kama kuna kituo. Ni ukaguzi unaopunguza kasi kidogo, na unaweza kuuzima dibaga isipokuwepo. Mtumiaji akiweka kituo kwenye mstari mtupu, jibu lako linaruhusiwa kumwambia kituo kimesogezwa hadi mstari upi. Fanya hivyo, watu wanathamini. Sura ya thamani na usemi ni zawadi: kichanganuzi unacho, kichapishaji unacho, unawaita tu. Kwetu evaluate ilikuwa mistari kumi na minane.

Kilichonitesa ni kitu cha kijinga. DAP kwa kawaida inapita kwenye tokeo sanifu la programu (stdout), na amri yetu ya chapisha nayo inaandika hapohapo. Kanuni ya kwanza iliyochapisha uzito wa samaki ilimwaga namba katikati ya JSON, edita ikakata simu bila hata kuaga. Kila kinachochapishwa na programu ya mtumiaji lazima kifungwe ndani ya ujumbe wa output. Hilo lijenge siku ya kwanza.

Udhaifu wake uko ng'ambo ya maji. Kila kusimama kunazaa maswali manne matano kutoka kwa edita, na kwenye mtandao wa kusuasua dirisha la vigeu linakaa tupu. Intapreta yenyewe ikianguka, dibaga yako inaanguka nayo, maana wanaishi nyumba moja. Hapo utarudi kwa GDB ukitaka usitake. Faili la kore litakuonyesha intapreta tu, isipokuwa umeandika skripti ya kuisoma staki yako ndani yake.

Inamfaa mwenye intapreta au mashine pepe yake, na watumiaji wanaoishi ndani ya edita.

Ukiwa katika hali hii, anza hapa

Lugha inazaa C na una wiki moja: #line na skripti ya Python. Usiguse kingine mpaka mtu alalamike kuhusu semi, na akilalamika, kwanza jaribu kuongeza amri mpya ya GDB kwa Python inayochanganua semi za lugha yako. Hiyo imewaokoa wengi wasifike njia ya pili.

Watumiaji wako si watu wa programu, kama wahasibu au waandishi wa kanuni: DAP, hata kama itakulazimu kuandika intapreta ndogo ya majaribio pembeni ya kompaila. Wakumbushe tu kwamba kinachoendeshwa mezani na kinachoendeshwa kwenye mizani ni viwili.

Unataka edita nzuri lakini lugha inazaa msimbo wa mashine: huna haja ya kuandika itifaki. GDB yenyewe inaongea DAP tangu toleo la 14 la mwaka 2023, na LLDB ina lldb-dap. Mapambo yako ya Python yanapita nayo.

Programu zako zipo mbali, zinaanguka usiku, na hakuna mtu wa kukaa nazo: chochote kinachokupa faili la kore, maana yake njia ya kwanza au ya pili.

Lugha imekua, ina watu mamia, na malalamiko yote ni ya aina moja, kwamba dibaga haielewi wanachoandika: hapo ndipo kuingia ndani ya GDB au LLDB kunalipa. Tafuta mwenzako kwanza. Mtu mmoja atachoka.

Na kama bado hujaamua, kuna kazi moja ambayo njia zote tatu zitakudai: kila nodi ya mti wa sarufi, yaani muundo ambao kichanganuzi kinaujenga kutoka kwenye msimbo, ibebe faili, mstari na safu yake tangu inapochanganuliwa. Mimi niliiruka, nikairudia baadaye kwa wiki mbili nikipita kila kona ya kichanganuzi. Muda wote huo kijana wa Nyegezi alikuwa anachapisha kila mstari.